Mwanangu Majini, Mdai Mlangoni

Wiki jana niliwaacha nikilia. Leo silii. Machozi ya mtu mzima ni kama maji ya mtungi wakati wa kiangazi, na yangu nilimmwagia mtu ambaye hakustahili hata tone.

Kwa aliyepitwa, nitasema kwa ufupi. Mimi ni nyanya wa hapa Kanamkemer, Lodwar. Mwanangu ni mmoja, Epuyo. Ni karani wa stoo ya kambi ya wakimbizi kule Kakuma, anahesabu mahema na sufuria za watu. Alimuoa Amuria, binti wa mzee Lokuruka wa Kakuma. Alimuoa kwa mdomo. Mahari akasema atalipa polepole.

Hiyo polepole imekula mbuzi zangu karibu wote. Ikala punda zangu. Ikabakisha deni la kitu kimoja tu: ngamia jike ambaye ameshazaa.

Ngamia huyo asipoingia kwa boma la Lokuruka, mjukuu wangu Asekon si wetu. Ndivyo mila yetu inavyosema. Mahari haijaisha, mtoto ni wa babu yake mzaa mama. Siku yoyote mzee anaweza kuja kumshika mkono waende, na wazee watasema ana haki.

Ngamia nilikuwa naye. Nakwang'a, mweupe, sikio la kushoto limechanjwa na marehemu mume wangu kwa mkono wake. Nilimwambia Epuyo amtoe malishoni upande wa Lokichar ampeleke kwa mkwe wake, tumalize hii aibu. Akarudi mikono mitupu. Majambazi, akasema. Kalemng'orok, mchana kweupe. Akalia, nikalia naye.

Hapo ndipo tuliachana. Sasa sikieni.

Kilio changu hakijakauka vizuri, simu ikalia.

"Mama, tunakuja Lodwar."

"Mnakuja kutafuta ngamia?"

"Tunakuja likizo."

Nikafikiri masikio yangu yamezeeka.

"Likizo ya nini? Wewe ni mwalimu?"

"Likizo ya familia, mama. Mtu akiwa na deni kichwa kinachoka. Lazima apumzike na bibi na mtoto ndio apate nguvu ya kulipa."

"Nani amekwambia hivyo?"

"Iko kwa simu. Watu wamesoma wameandika."

"Hiyo simu imelipa mahari ya nani?"

Akacheka kile kicheko chake cha kumfunika mtu blanketi. Nikamuuliza kama niwatandikie ngozi walale kwangu.

"Hapana, mama. Kwako si likizo. Kwako ni nyumbani. Tumelipia hoteli yenye maji."

"Maji ya kunywa?"

"Ya kuogelea."

Mto Turkwel unapita hapa Lodwar. Hauna mlango, hauna askari, hauna tikiti. Mwanangu amezaliwa akiuona. Sasa amelipa pesa ili aingie kwa maji ya shimo lililochimbwa na mtu kwa jembe.

Nimeishi na wajinga wengi, sina haja ya kuficha. Nimeona mtu akimchinja fahali ili amwonyeshe mwenzake kisu kipya. Lakini huyo angalau alikula nyama.

Walikuja. Walipitia kwangu kidogo kama watu wanaopita dukani. Amuria alikuwa na miwani nyeusi, kubwa, hata nikimsalimu najiona mimi mwenyewe mara mbili. Asekon alinirukia shingoni.

"Ata, tunaenda kuogelea! Ata, njoo!"

Ata ni mimi, ndivyo wajukuu wetu wanavyotuita.

"Nenda, mtoto wangu. Mimi nimeshaoga."

Wakaenda. Nikarudi kwa jiwe langu la kusagia.

Siku iliyofuata gari la Awale likasimama nje. Awale ni Msomali wa Kakuma, ana pikapu, anabeba soda na abiria juu ya soda. Akashuka mzee mrefu, shuka begani, fimbo mkononi, na kwenye kidole ananing'iniza ekicholong, kile kigoda kidogo ambacho mwanamume wa kwetu hukikalia mchana na kuwekea kichwa usiku.

Lokuruka.

Nikaacha kusaga. Kwa sababu mtu hachukui kigoda chake kwenda kusalimia watu. Anakichukua kwenda kukaa.

Wasomaji wa mbali niwaeleze. Kwetu anayedai mnyama hapigi kelele na haendi mahakamani. Anakuja, anaweka kigoda kwenye kivuli chako, anakaa. Hataji deni. Wewe unamlisha. Ukimnyima chakula umejitoa mwenyewe katika watu. Kila akimeza, unakumbuka. Hakuna hakimu anayeuma kama huyo.

"Ejok, Mama Epuyo."

"Ejok, mzee."

"Mwanao yuko?"

"Hayuko."

"Nitamngoja."

"Amesafiri, mzee."

"Nimesikia. Yuko likizo. Binti yangu ametuma picha kwa ndugu zake, amevaa miwani kama mtu aliyetolewa mtoto wa jicho." Akatafuta kivuli kizuri, akakiweka kigoda, akakaa. "Basi mimi pia niko likizo."

Akala mbuzi wa kwanza akamsifu. Wa pili akasema ana mafuta kidogo. Chai alitaka ya maziwa, na sukari alitaka ione haya kuitwa kidogo.

Jirani yangu Fathia ana duka la unga na sukari. Nilimwendea tena na tena, mpaka akaweka kijiko chini.

"Mama, huyu mgeni wako anakunywa sukari ama anaoga nayo?"

"Anadai, Fathia."

"Anadai nini?"

"Ngamia."

"Na wewe unachukua sukari kwangu bila pesa, umlishe mtu wa deni?" Akajishika kiuno. "Wallahi, deni linazaa deni! Hata kwetu Garissa sijaona hii. Na huyo kijana?"

"Anaogelea."

Fathia alicheka mpaka akafunga mlango wa duka ili acheke vizuri. Sukari alinipa.

Nikampigia Epuyo.

"Mkwe wako yuko hapa."

Nikasikia maji yakipigwa, halafu mtoto akicheka.

"Mwambie niko Lokichar."

"Uko Lokichar na maji masikioni?"

"Mwambie ni semina."

"Epuyo, anamaliza mbuzi."

"Mama, chumba tumeshalipia, pesa hairudishwi. Mvumilie tu kidogo. Wewe si ni mtu wa subira?"

Subira. Nimeitwa hivyo tangu niko msichana, na kila aliyeniita alikuwa ameshika mzigo anatafuta mgongo.

Alibaki mbuzi mmoja tu, wa maziwa. Asubuhi ile nilimwona Lokuruka akimtazama. Alimtazama tu, halafu akachokoa meno yake matupu.

Nikafunga shuka langu vizuri.

"Mzee, inuka."

"Chakula kiko tayari?"

"Umekaa sana, miguu itaoza. Nataka nikupeleke likizo."

Tulipanda boda mbili. Kwa geti ya hoteli askari akatunyooshea mkono.

"Shosho, mnaenda wapi?"

"Kumwona mtoto wangu."

"Na mzee? Ni mgeni wa hoteli?"

Lokuruka alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Mimi ndiye ninayelipa. Hao walio ndani wanaogelea kwa ngamia wangu."

Wekeni hayo maneno mahali salama. Mimi sikuyaweka, na nilijuta.

Askari aliona mzee, akaona fimbo, akafungua.

Shimo lenyewe lilikuwa la buluu, kama kitu cha plastiki. Lokuruka alisimama kwenye ukingo akayatazama yale maji muda mrefu. Nilimwonea huruma kidogo. Ni mtu ambaye amechimba visima vya mchanga maisha yake yote.

"Maji haya," alimuuliza kijana wa kubeba vinywaji, "yananywesha ngamia wangapi?"

"Haya hayanywewi, mzee. Yana dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya kuua wadudu."

Lokuruka akanyoosha fimbo mahali Epuyo alipokuwa anaelea, tumbo juu, macho yamefungwa.

"Mbona huyo hajafa?"

Epuyo akafungua macho. Alimwona mkwe wake. Akazama.

Nikingoja nikafikiri: labda ana akili, labda atabaki huko chini. Lakini hata kwa hilo alishindwa. Akatoka akikohoa, akapanda ngazi. Alikuwa amevaa kaptura fupi iliyochorwa mananasi. Mwanamume mzima, baba wa mtoto, mbele ya baba mkwe, na mananasi.

Mnajua adabu zetu, na asiyejua ajue: hukutani na baba mkwe bila kumtilia tumbako mkononi. Hata awe amekuibia. Hata uwe umekutana naye kisimani. Tumbako kwanza, halafu maneno.

Lokuruka akafungua kiganja.

Epuyo akajipapasa kiunoni. Kulia. Kushoto. Mananasi hayana mfuko.

"Iko kwa chumba, baba. Naleta sasa hivi."

"Umenijia uchi, mikono mitupu, na unanimwagia maji kwenye viatu vyangu vya akala."

"Baba..."

"Mbuzi mmoja. Juu ya ngamia."

Ndivyo deni letu lilivyopanda kwa sababu ya kuogelea. Nilitaka kucheka, lakini nikakumbuka huyo mbuzi ni yule wangu wa maziwa.

Amuria alikuwa amejilaza kwa kiti kirefu. Akavuta taulo mpaka kichwani, kana kwamba baba yake ni jua.

"Wewe uliye chini ya kitambaa," Lokuruka akamwambia. "Fahali wa ndoa yako alichinjwa lini?"

Taulo likakazwa zaidi.

"Una miwani. Ndoa huna."

Asekon hakujua kitu. Alikuja mbio, amelowa, anatetemeka kwa furaha. "Ata! Babu! Mmekuja kuogelea!" Lokuruka akamshika mkono. Alimshika vizuri, sitasema uongo, kama mtu anayeshika kitu chake.

"Huyu anaenda Kakuma na mimi. Ngamia akija, atarudi."

Hicho ndicho kitu nilichokuwa nakikimbia miaka yote, ndicho kilichokula mbuzi na punda, na kimenifikia kando ya shimo la maji yenye dawa.

Epuyo akakaza taulo kiunoni. "Lakini baba, sisi si tulikubaliana..."

"Nyamaza. Uko uchi."

Akanyamaza! Mwanangu alinyamaza na mtoto wake anachukuliwa. Amuria alitoa kichwa kwa taulo, analia chini ya miwani. "Baba, tafadhali." Mzee hakugeuka.

Pikapu ya Awale ilikuwa kwa barabara, inarudi Kakuma na kreti za soda. Lokuruka akampakia Asekon. Mtoto sasa ameelewa, ananiita, ananyoosha mikono yote miwili.

Nikasikia miguu yangu inatembea. Nikashika chuma, nikapanda juu ya soda, nikamweka mtoto mapajani.

"Mama Epuyo," Lokuruka akasema, "sikukuita."

"Na mimi kwangu sikukuita."

"Unaenda wapi?"

"Kukaa kwako. Utanilisha mpaka niondoke, na nikiondoka si peke yangu. Napenda nyama laini, mzee, meno yangu si mengi. Na chai yangu iwe na sukari."

Nilimwona akimeza mate. Mdai mzima, mwenye fimbo na kigoda, hajawahi kufikiria kwamba hata yeye ana kivuli ambacho mtu anaweza kukikalia.

Epuyo alitoka kwa geti anakimbia, mkono mmoja umeshika taulo.

"Mama! Mama, unaenda wapi?"

"Likizo."

Awale alicheka mpaka akazima gari akaliwasha tena. "Mama, watu wa likizo wanaenda Mombasa."

"Mombasa hakuna mjukuu wangu. Endesha."

Boma la Lokuruka liko ng'ambo ya laga ya Tarach, ule mto mkavu wa mchanga, nyuma ya mji wa Kakuma. Tulifika jua likiwa bado linauma. Mkewe, yaani mama yake Amuria, alitoka akifuta majivu mikononi. Ni mwanamke mwembamba, shanga mpaka kidevuni, na macho yake hayana mchezo.

Akatuhesabu.

"Ulienda kuleta ngamia. Umeleta midomo miwili."

"Ni wageni," Lokuruka akasema, akaenda kutafuta kivuli.

Mimi na Mama Amuria tulisalimiana kama watu ambao wamedaiana miaka mingi kupitia kwa wanaume. Lakini alimfuta Asekon uso, akampa uji. Nikamwona si mbaya. Jioni, tukiosha sufuria, alianza kulalamika, na mwanamke akikulalamikia ujue amekukubali.

"Mimi nimechoka, Mama Epuyo. Nachoma makaa, nabeba kichwani mpaka kambini. Nina wateja wangu Wakongo na Warundi. Kuna mmoja anaitwa Spéciose, ananunua gunia zima na hana maneno. Pesa yote nilikuwa naweka kwa mkebe, nikazika chini ya kitanda. Nilitaka kununua cherehani."

"Ikawaje?"

"Mchwa."

"Mchwa?"

"Mzee wangu alichimba akaniambia mchwa wamekula zote. Akanionyesha vumbi."

"Huo mkebe ni wa mbao?"

"Wa bati."

Nikasugua sufuria yangu. Mchwa wa Kakuma wana meno, nikajisemea. Lakini mgeni hafundishi mwenye nyumba wadudu wake.

Asubuhi ngamia wakaanza kutolewa wakakamuliwe. Asekon alikuwa bado amelala. Nilikuwa nimekaa mlangoni nangoja chai yangu, nimeshaamua kuinywa polepole sana ili Lokuruka aone jinsi inavyouma.

Wakatoka weusi. Wakatoka wawili wa udongo.

Halafu akatoka mweupe.

Ndama wake nyuma. Sikio la kushoto limechanjwa.

"Nakwang'a," nikasema. Sikusema kwa nguvu.

Ngamia akasimama. Akageuza ile shingo yake ndefu. Akaacha wenzake, akaja mpaka kwangu, akaniwekea mdomo begani na kunipulizia pumzi ya majani, kama alivyozoea kufanya wakati mume wangu yuko hai.

Sikulia. Niliwaambia, siku hizi silii.

"Lokuruka!"

Alikuja anajifunga shuka. Alimwona ngamia begani kwangu. Uso wake ulitafuta mahali pa kwenda, ukakosa.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza.

"Ngamia."

"Naona si kuku. Nakuuliza ametoka wapi."

"Nilimnunua. Hapa Kakuma, sokoni. Kwa dalali Mustafe. Pesa taslimu."

Mama Amuria alikuwa ameshika kibuyu cha kukamulia. Akakishusha.

"Ulinunua? Uliniambia rafiki yako wa Kalobeyei amekupa zawadi."

"Nyamaza, mama, tunaongea mambo ya wanyama."

"Huyu ngamia ni wangu," nikasema. "Hili sikio lilichanjwa na mume wangu. Aliyemuuza hakuniuliza. Kwa hivyo, mzee, kama ni mambo ya kudai, mimi ndiye nimekaa kwa kivuli chako, na wewe ndiye umekula changu. Nani alimleta sokoni?"

Hakuhitaji kujibu. Pikipiki ilikuwa inavuka laga, inazama mchangani na kutoka. Epuyo alikuwa nyuma ya dereva, suruali ndefu safari hii, na kwenye ngumi yake ameshika tumbako. Amechelewa, lakini amekuja nayo.

Alishuka. Aliniona mimi. Aliona nilichoegemea.

Majambazi wa Kalemng'orok wote walikuwa pale, wasomaji wangu. Walikuwa mtu mmoja, amenyoa ndevu vizuri, ananuka sabuni ya hoteli.

"Mama..."

"Usiniite. Nijibu. Huyu ngamia, ulimuuza au ulimlipa?"

Hapa nitakiri kitu ambacho sijamwambia hata kasisi. Nilitaka aseme uongo. Nilijua amemuuza. Pesa nimeiona kwa macho yangu, ya buluu, ina dawa ya wadudu. Lakini kama angesema mbele ya mkwe wake na mama mkwe, "Nilimlipa, mahari imekwisha," ningesimama naye. Ningeapa kwa kaburi la baba yake. Ngamia yuko bomani, nani angebisha? Ningemchukua Asekon kungali na umande. Nilimtazama mwanangu machoni nikamsukumia huo uongo kama mtu anayesukuma sahani. Kula, mpumbavu. Kula mara moja katika maisha yako kitu nilichokupikia.

Epuyo alimtazama ngamia. Akamtazama mkwe wake. Akatoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha.

"Mama," akasema, "nilimuuza nusu."

Hata dereva wa boda aligeuka.

"Nusu?"

"Tulikubaliana na baba. Nusu iingie kwa mahari. Nusu anipe pesa mkononi, kwa sababu nilikuwa nimechoka, mama, kichwa kilikuwa kimechoka. Mustafe alikuwepo. Halafu baba akasema tusiwaambie wanawake."

Ndiyo maana aliambiwa anyamaze kule kwenye maji. Ndiyo maana ya "wanaogelea kwa ngamia wangu." Mzee alimla ngamia wangu mzima, akahesabu kama hajapata kitu, akaja na kigoda kula mbuzi zangu, akanichukulia mtoto. Na huyu wangu alijua, akaelea tumbo juu.

Sijui nani nilimdharau zaidi. Nilijaribu kuwapima, mizani ikakataa.

Lokuruka alikohoa. "Nusu bado inadaiwa. Hiyo ndiyo nilifuata."

"Nusu gani?" Mama Amuria akauliza.

Hakuuliza kwa sauti. Alikuwa amemzunguka Nakwang'a pole pole, anamtazama kwato, miguu, nundu, chuchu, kama mteja. Akafika mbele ya mumewe.

"Nakuuliza nusu gani ulilipia. Ya mbele au ya nyuma? Na wewe huna mshahara. Wewe huchomi makaa. Hiyo pesa taslimu uliitoa wapi?"

Lokuruka alitazama milima.

Mama Amuria akapiga ngamia ubavuni, taratibu, mara moja.

"Kumbe huyu ndiye mchwa."

Halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kuona, na mimi si mtoto. Alikwenda mpaka kivulini, mahali pa mzee. Akaokota ekicholong. Kigoda cha mwanamume, ambacho mwanamke wa kwetu hakigusi hata akifagia. Akakibeba mpaka kwenye lango la miiba, akakiweka chini, akakikalia. Akanyoosha miguu. Shanga zake zikalia.

"Mimi ninadai," akasema.

Epuyo akarudi nyuma hatua. Lokuruka alifungua mdomo, lakini kwa hilo mila haikuwa na neno la kumpa.

Mimi nikamwachia Nakwang'a, nikaenda nikakaa chini, karibu naye. Nilijisikia vizuri pale. Palikuwa na upepo.

Mzee aliona tumemfungia lango kwa matako. Akaingia nyumbani haraka, akatoka amemshika Asekon mkono, mtoto bado ana usingizi.

"Basi huyu haendi popote! Mmesikia? Haendi, nusu isipolipwa!"

"Asiende," Mama Amuria akasema. "Akae hapa kati ya nyanya zake. Naye hajala."

Jua likapanda. Ngamia wakasimama na maziwa yao. Jikoni hakukuwa na moto, na wanawake wawili ambao wangeuwasha walikuwa wamekaa langoni, wadai wanaongoja kulishwa.

Lokuruka alimtazama Epuyo. Epuyo alimtazama Lokuruka.

"Mkwe," mzee akanong'ona, "wewe unajua kupika chai?"